Nani Alimpaka Mtoto Hiki

Ushungi ulikataa kutoka. Mama mkwe wangu, Bi Mwamvita, alikuwa ameupokea kwa furaha: mjukuu wake wa miaka minne kashuka kwenye bajaji kajifunika kichwa kama mtoto wa madrasa. Akapiga kigelegele kimoja kifupi, akamkalisha mapajani, akamuuliza, "Biasha wangu, nani kakupendezesha hivi?" Kisha akataka kumlegezea kidogo kwa sababu ya joto. Akachomoa pini, akavuta kitambaa. Kitambaa kikakwama. Biasha akapiga ukelele uliowarusha kuku waliokuwa wakichakura uani.

Bi Mwamvita hakuvuta tena. Aliagiza maji ya uvuguvugu, akalowesha kitambaa kidogo kidogo, mpaka kikaachia. Chini yake, juu ya sikio la kulia, palikuwa na uvimbe laini, mwekundu, mpana kama kifuniko cha chupa ya chai, umetoboka vitundu vitundu, na kila kitundu kilitoa usaha. Ngozi ya kuzunguka uvimbe ilikuwa imebabuka. Nywele chache zilizobaki hapo zilitoka zenyewe pamoja na kitambaa, kama zilizopandwa kwenye uji.

"Eugenia," alisema, hajainua macho. "Hiki ni nini?"

"Mapunye, mama. Namtibu."

"Unamtibu na nini?"

Nikatoa chupa mkobani. Nilikuwa naionea fahari, Mungu anisamehe. Aliifungua, akainusa, akakunja uso. Akanyanyuka, akaenda nayo mpaka jalalani nyuma ya jiko, akaimwaga yote mbele ya macho yangu, na chupa akaitupa hukohuko.

Imepita miaka mitano. Watu husema hasira hupoa. Yangu haijapoa, imehama tu kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na tangu ilipofika kwangu imekataa kuhama.

*

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibaha. Kwetu ni Mbinga, nililetwa huku na ajira, nikaolewa na Maulidi, mtu wa Kisarawe, dereva wa malori ya Tunduma. Tulifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake, tukapanga nyumba Sofu. Shuleni nilipewa usimamizi wa afya na usafi, na niliufanya kwa moyo wote. Kila Jumatatu asubuhi watoto walipanga mstari, nami nikapita na rula, nikifunua nywele kwa ncha yake nisije nikawagusa. Mwenye mapunye alisimama pembeni, upande wa bendera. Aliporudi nyumbani alikuwa na barua ya kumwita mzazi.

Kuna mama mmoja anauza vitumbua Kwa Mathias, pale mabasi yanaposimama. Mwanawe, Wema, nilimtoa kwenye mstari mara tatu. Mama yule alikuja shuleni na aproni yake ina unga, akanieleza kwamba hospitali wamempa mtoto vidonge na wamemwambia ni vya wiki nyingi, nimvumilie. Sikumsikiliza. Nilimwambia mbele ya wazazi wengine, "Mama, maji na sabuni havihitaji cheti." Wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Miezi michache baadaye nilikuwa namwogesha Biasha, nikaona duara la rangi ya majivu kichwani, dogo, nywele zimekatikia chini kama zimenyolewa na panya. Nililifahamu mara moja. Niliwahi kuyaona mia.

Mtu mwenye akili angempeleka mtoto hospitali asubuhi ya pili yake. Mimi niliwaza foleni. Niliwaza wazazi wangapi wa shule yetu hukaa kwenye mabenchi yale, na nani angeniona nimempakata mtoto mwenye kile kile nilichokuwa nawasimamishia watoto wao kwenye bendera. Nikaenda kwenye duka la dawa mtaa wa mbali, nikasema ni dawa ya mtoto wa dada yangu, nikauziwa tyubu ya kupaka. Nilipaka wiki mbili. Duara likawa matatu.

Ndipo mwalimu mwenzangu akaniunganisha kwenye kundi la WhatsApp la tiba za nyumbani. Mwenye kundi alijiita Daktari Fabian. Hakuwa daktari. Alikuwa na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe na subira ya kujibu kila ujumbe, na wakati ule subira ndiyo niliyokuwa naitafuta. Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu. Alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, ananiita "mama shujaa", ananieleza kwamba vidonge vya hospitali huua ini la mtoto na kwamba Mungu ameweka kila dawa jikoni kwetu. Sasa nikiikumbuka ile sauti, mikono yangu hutafuta kitu cha kurusha.

Nilianza na mwarobaini, nikamwosha nao asubuhi na jioni. Nikaenda kwenye shubiri. Shubiri haikumdhuru, wala haikumsaidia. Nikahamia kwenye ndimu, kisha siki, kisha kitunguu saumu kilichopondwa na kutiwa kwenye chupa, kinabandikwa na kufungwa kwa nailoni mpaka asubuhi. Biasha alilia, akaniomba, akaniita majina yote mazuri anayoyajua. Nilimshika mikono. Niliandika kwenye kundi: inamuunguza. Fabian akajibu: *Ikiwasha ujue imefika.* Uvimbe ulipotokea nikampigia picha, nikaituma. Akajibu: *Hiyo ni sumu inatoka, usiizuie, ongeza kitunguu.* Wanawake ishirini na kitu wakaweka alama za mikono ya kuomba. Hakuna hata mmoja aliyesema, wewe mwanamke, mpeleke mtoto.

Nikaongeza kitunguu.

Kuhusu ushungi, niliutafuta mwenyewe dukani. Mtoto wa baba Mwislamu akijifunika kichwa, nani atauliza? Shuleni walisema, mwalimu Eugenia ameheshimu upande wa mumewe. Maulidi alirudi safari moja, akamkuta hivyo, akafurahi mpaka akanipigia makofi ya utani. Nilikuwa nimejificha nyuma ya dini ya mtu mwingine, na mtoto wangu ndiye aliyekuwa analipia joto lake.

*

Juni shule zilipofungwa nilimpeleka Kisarawe. Siyo kwa kupumzika. Bi Mwamvita alijulikana vijiji vile kwa dawa za watoto: mchango, degedege, vipele vya joto, tumbo la kujaa gesi. Kina mama walimletea watoto, naye aliingia porini na jembe fupi akarudi na alichokitafuta. Nilifikiri, Fabian ana kitunguu, huyu atakuwa na mzizi. Nilifikiri atanipa kilicho kikali zaidi.

Na badala yake alikuwa amesimama jalalani, mikono mitupu, ananitazama.

"Mtoto ana homa," alisema. "Mguse shingoni. Hiyo mitoki yote hiyo ni nini, umeiona? Huyu ni wa kupelekwa, sasa hivi."

"Mama, nimekuja kwa sababu wewe ndiye mwenye dawa."

"Ninayo dawa. Mapunye machanga nina jani lake. Unamwosha mtoto, unampaka, unamwangalia siku saba. Yakikaidi unampeleka kwa wenzetu wa hospitali. Kichwa chenye usaha mimi sikigusi."

"Basi kama huna, sema huna," nilisema, na nilisikia sauti yangu inapanda. "Usinimwagie yangu."

"Yako inamchoma mtoto."

Sijui kama nitaweza kulieleza vizuri hili. Mtu anayejua kuwa amekosa huwa na hasira kuliko aliyekosewa. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na simu iliyojaa maelekezo, na mwanamke asiyejua kuandika jina lake alikuwa ananiambia nimpeleke mtoto hospitali. Nilitafuta kitu cha kumuumiza nacho, na nilikuwa nacho, kwa sababu mume wangu aliwahi kunisimulia kwa siri kuhusu dada yake aliyekufa mdogo.

"Wewe ndiye wa kunifundisha?" nilimwambia. "Rahma alikufa na mizizi ya nani?"

Upepo ulikuwa unachezea majani ya mihogo. Bi Mwamvita alifuta mikono yake kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Yangu," alisema. "Ilikuwa surua. Nilimpa dawa siku nne, siku ya tano nikambeba mgongoni. Sikufika naye. Ndiyo maana nakwambia vaa viatu twende."

Nilivaa viatu.

*

Kituo cha afya kilikuwa na benchi moja refu barazani, na tulikuta watu. Miongoni mwao alikuwa Zuleha, jirani wa Bi Mwamvita, na mwanawe mwenye kikohozi. Walisalimiana, akamtazama Biasha, akashika mdomo. Alipoona hali ya mtoto alimsogeza mwanawe, akatupisha mbele. Chumba cha kumpimia mgonjwa hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia.

Tabibu alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimkalisha Biasha juu ya meza, akavaa glavu, akauminya uvimbe kidogo kwa pembeni. Akaeleza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alisema fangasi wameingia mpaka kwenye mashina ya nywele, huko dawa ya kupaka haifiki, na mwili wa mtoto umeanza kupigana nao vibaya, ndiyo huu uvimbe. Alisema ni vidonge vya kila siku, wiki nane, baada ya chakula chenye mafuta, na visikatizwe hata kama ngozi ingeonekana imepona. Na kwamba kidonda hiki kingekuwa kidogo, kama ngozi isingeunguzwa.

Kisha akauliza, "Nani alimpaka mtoto hiki?"

Aliuliza akimwangalia Bi Mwamvita.

Mimi nilikuwa nimevaa blauzi ya shule na saa mkononi. Mkoba wangu ulikuwa wa ngozi. Mama mkwe wangu alikuwa na khanga mbili zilizofifia na vumbi la shamba mpaka magotini. Swali lilinipita mimi kama gari linavyopita mti.

"Bibi," tabibu aliendelea, sauti imeshapanda, "mtaacha lini? Kila wiki naletewa mtoto mmebandika vitu. Mnatuharibia watoto. Huyu hapa nywele hazitaota tena, unanielewa? Maisha yake yote. Na mama mtu amekuamini wewe."

Pazia lilikuwa jepesi. Benchi lote lilikuwa linasikiliza.

Bi Mwamvita alinigeukia. Nimeyarudia macho yale miaka mitano na sijaona ndani yake ombi, wala lawama. Alikuwa ananisubiri tu. Kama mtu aliyeshika mlango wazi akijua mwenzake yuko nyuma, anakuja.

Ukutani palikuwa na tangazo la chanjo. Nililisoma. Nililisoma lote mpaka mwisho, pamoja na jina la kiwanda cha uchapaji.

Nilipomaliza, yeye alikuwa ameshainamisha kichwa. "Msaidie mtoto, baba," alimwambia yule kijana. "Mengine tumeshayasikia."

*

Biasha alipona. Wiki nane za vidonge na maziwa ya mgando, na uvimbe ukanywea, homa ikaondoka, nywele zikarudi kote isipokuwa pale. Pale pamebaki ngozi nyororo, inang'aa. Tunasuka nywele za upande wa pili zikapafunike.

Nilimwandikia Fabian. Nilimtumia picha ya lile kovu na maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Alijibu, *Mama, hukufuata maelekezo,* akaniondoa kwenye kundi. Nilizunguka nyumba nikipiga kuta. Nilimchukia, na chuki ile ilinistarehesha, kwa sababu ilinipa mahali pa kutazama pasipokuwa kwangu. Nilimchukia muuza duka la dawa. Nilimchukia tabibu, kwa kujua mkosaji kabla ya kuuliza. Nilimchukia hata Bi Mwamvita, kwa kunyamaza.

Kwa sababu maneno hayakubaki nyuma ya pazia. Zuleha aliyasikia, na kijiji kikayasikia: Bi Mwamvita kamchoma mjukuu wake kichwa na dawa. Kina mama waliokuwa wanamletea watoto wakaacha. Wapo waliokuwa wakimwona njiani wanavuta watoto upande wa pili. Yeye akaweka jembe fupi juu ya dari, na porini hakwenda tena.

Habari zilimfikia Maulidi akiwa safarini. Alinipigia simu akiwa Makambako, anapumua kama aliyekimbia.

"Ni kweli mama kamchoma mwanangu?"

"Yameshapita, mume wangu," nilisema.

Maneno matatu. Nilijiambia siyo uongo. Kweli yalikuwa yamepita. Tangu siku hiyo Maulidi hakukanyaga tena kwa mama yake. Alimtumia hela za matumizi kwenye simu ya jirani, na Idi zilipita, mwaka baada ya mwaka, bila sisi kwenda. Akimtaja alisema "yule mama". Mimi nilipakua chakula.

Na shuleni? Niliomba kuachishwa usimamizi wa usafi, nikasema nina majukumu mengi. Sikumtafuta mama Wema. Nikipita Kwa Mathias nilipita upande wa pili wa barabara.

*

Mwaka huu, Jumapili moja kabla ya Idi ya kuchinja, Maulidi alikuwa nyumbani. Tulikuwa tunakula wali na samaki wa kukaanga. Biasha, sasa ana miaka tisa na maswali mengi, aliuliza kama mwaka huu tutakwenda kwa bibi. Baba yake akasema hapana.

"Kwa sababu alinichoma?"

"Kwa sababu alikuchoma."

Biasha alichambua mwiba, akauweka kando ya sahani. "Mimi nakumbuka kile kitunguu," alisema. "Nilikuwa nimelazwa, naangalia juu, feni inazunguka. Nilikuwa nahesabu mapanga yake, yananichanganya." Akamgeukia baba yake. "Kwa bibi kuna feni?"

"Kwa bibi hakuna umeme," Maulidi alisema.

Alisema hivyo bila kuwaza, kama mtu anavyosahihisha mtoto. Kisha tonge likasimama njiani. Nikaliona linarudi kwenye sahani. Akainua macho juu, kwenye feni yetu, halafu akayashusha kwangu.

Ningeweza kusema mtoto anachanganya mambo. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, imenyooka, ina kiima na kiarifu.

"Ni mimi," nilisema. "Bibi hakumpaka kitu. Yeye ndiye aliyetupeleka."

Maulidi alinawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu sana, na aliponigeukia uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua. "Miaka mitano," alisema. "Eugenia. Nimemnyima mama yangu uso wangu miaka mitano." Hakunipiga. Hakutukana. Alitoka, akakaa ndani ya lori lililokuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa jirani, milango imefungwa, mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Biasha alibaki mezani. "Kwa nini hukusema?" aliuliza.

Nimefundisha miaka kumi na minne. Sijawahi kuulizwa swali rahisi namna ile. Nikaanza kukusanya sahani.

*

Tulikwenda Kisarawe siku ya pili ya Idi. Maulidi alitangulia. Nilipofika uani na mizigo nilimkuta amepiga magoti mbele ya mama yake, kichwa mapajani pake, mwanamume wa miaka arobaini na mbili, mabega yanatikisika. Biasha alikuwa amesimama kando, ameushika mkono mmoja wa bibi yake. Kichwa chake kilikuwa wazi.

Bi Mwamvita amezeeka. Amekonda, na jicho moja limeingia ukungu. Nilipiga magoti mbali kidogo, kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika upesi. Alimpigapiga Maulidi mgongoni, akamwambia akanawe uso. Alipoondoka, ndipo akanitazama.

"Umesema mwenyewe, au wamekugundua?"

"Wamenigundua, mama."

"Haya. Hapo hujanidanganya."

"Kwa nini ulinyamaza?" nilimuuliza, na nilishangaa kusikia kwamba hata pale, nikiwa magotini, sauti yangu ilikuwa na hasira. "Siku ile. Kwa nini hukumwambia yule kijana?"

"Nilikungoja wewe," alisema. "Nilidhani utasema palepale. Hukusema. Nikadhani utasema njiani. Tukafika nyumbani, ukala, ukalala. Nikasema labda kesho." Alitikisa kichwa. "Nina hasira na wewe, Eugenia. Usidhani sina. Nimekaa nayo humu ndani peke yangu, hakuna mtu hata wa kubisha hodi."

Nilisema nisamehe. Nilisema kwa sauti, nikarudia, na Zuleha, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, akasimama kwenye kona ya nyumba akasikia yote. Nilimwambia na yeye. Nilimwambia awaambie na wengine, na kwamba asipowaambia nitapita nyumba kwa nyumba mwenyewe, na nitaanza jioni hiyohiyo.

Bi Mwamvita hakusema amenisamehe. Alivuta ungo wa mchele uliokuwa pembeni yake, akausukuma mpaka magotini pangu.

"Una mawe mengi huo," alisema. "Marahaba."

Nikaketi, nikaanza kuchagua.